Maksai hana mke: majina ya Kiingereza ya wanyama dume na jike, wafugaji na walimu njooni tuongee

Mtoa uzi (Igoma, Mwanza)

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Kuna jambo linanikereketa tangu juzi usiku nikaona nilete hapa maana najua humu kuna wafugaji, walimu, watu wa mnadani na hata wataalamu wa mifugo.

Binti yangu yuko darasa la tano, shule siitaji. Karudi na daftari la Kiingereza, zoezi lilikuwa unapewa mnyama dume unaandika jike lake, kapata kumi na tano kwenye ishirini. Nikakaa naye tupitie alipokosa. La bata alikosa kweli, kaandika hen, nikamwambia drake jike lake ni duck tu, lile lile jina la bata wote. La kondoo alipatia, ram na ewe, ila alilisoma kama sisi tunavyosema "ewe mtoto njoo hapa", nikamwambia hilo Waingereza wanalitamka "yuu". Tukafika kwenye ox. Kaweka kistari, pembeni kaandika kwa Kiswahili "hana". Mwalimu kapiga mkasi na kuandika kwa wino mwekundu: cow.

Nikamuuliza mbona hapa uliacha. Akaniambia baba, ox si ndio maksai, wale wa babu wa kuvuta plau, sasa maksai ana mke gani wakati kahasiwa?

Wakuu nilikaa kimya kidogo. Mtoto yuko sahihi. Mimi nimekulia Magu, babu yangu alikuwa na maksai wanne wa kulimia pamba na nilikuwa natangulia mbele yao nimeshika kamba, nawajua. Dume la ng'ombe likihasiwa linakuwa na shingo nyingine, tabia nyingine, halihangaiki na majike wa jirani, linavuta. Huyo ndiye ox. Mwenye mke ni bull, fahali, kwetu Usukumani tunamwita nzagamba, na jike lake ndo cow. Yaani yule mtoto kakoseshwa kwa kujua zaidi ya kilichoulizwa, na hili ndo linaniuma, sio ile maksi moja.

Na nikaanza kufikiria mbali zaidi. Hebu angalieni zizi la babu. Kuna dume la mbegu, kuna maksai, kuna ng'ombe aliyezaa, kuna mtamba ambaye bado hajazaa, kuna ndama. Sasa chukua Kiingereza: bull, ox, cow, heifer, calf. Wale wale, wamesimama zizi moja kwa mpangilio ule ule! Mzungu aliyeyatengeneza haya maneno hakuwa mwalimu wa sarufi, alikuwa mfugaji kama babu yangu, alihitaji kujua huyu anapanda, huyu analima, huyu anakamuliwa, huyu bado. Jinsia ni kitu kimoja tu kati ya vitu vingi anavyovihesabu mfugaji. Sasa sisi tunachukua maneno ya zizini tunayapanga kwenye safu mbili, waume huku wake kule, mtoto anakariri kama nyimbo. Hafahamu ng'ombe wala Kiingereza.

Naomba mchango wenu, hasa walimu, na sitaki tumtukane mwalimu wa mtoto wangu, kitabu chake ndo kinasema hivyo.

Mtu wa mnadani

Mkuu umeongea kitu. Mimi nanunua ng'ombe minada ya Misungwi na Magu miaka mingi. Ukifika pale ukasema unataka "ng'ombe jike" mtu anakushangaa, anakuuliza mtamba au mzazi, kazaa mara ngapi, ana mimba au hana. Bei zinaachana kabisa. Mtamba mzuri unanunua uzazi wake wa mbele, mzee aliyezaa sana unanunua nyama. Kwa hiyo heifer na cow sio maneno ya mapambo, ni hela.

Nyongeza kidogo. Kuna jamaa nilifanya naye biashara ya machinjio alikuwa anasema steer, mi nikawa najua ni ox. Nilikuja kuelewa wote wamehasiwa ila steer anahasiwa mdogo anoneshwe achinjwe, ox anakuzwa afundishwe kazi. Waingereza wenyewe huyo wa nyama wanamwita zaidi bullock, steer ni ya Wamarekani. Sisi wote tunawaita maksai, basi.

Mwalimu wa Sengerema

Naomba niseme kama mwalimu maana naona tutabebeshwa mzigo. Mkuu mtoa uzi una haki lakini nisikilize. Hiyo orodha ya ox na cow ni ya zamani, imenakiliwa kitabu hadi kitabu, mimi mwenyewe nilifundishwa hivyo na nimeifundisha, darasa lina watoto wengi mno na mitihani inataka jibu moja. Na ina kaukweli kake: Kiingereza cha zamani neno ox lilitumika pia kwa ng'ombe yeyote, dume au jike. Ndo maana lina wingi wake wa ajabu, oxen, huo mwisho ni masalia ya wingi wa zamani kama ulivyo kwenye children. Maneno yanayotumika kila siku nyumbani na shambani ndo hayabadiliki haraka, midomo imeyazoea.

Ila kwa swali lililoulizwa, mtoto wako yuko sawa, bull ndo mwenza wa cow. Ningekuwa mimi ningempa maksi.

Na kuna kitu huwa nawaambia wanafunzi wangu wakilalamika mbona Kiingereza hakina utaratibu, mbona lion anakuwa lioness na tiger anakuwa tigress lakini horse haendi kuwa horsess. Nawaambia angalieni nani aliishi na nani. Simba hakuwepo kwenye mazizi ya Uingereza, jina lake lilitoka nje na ile -ess imetokana na Kifaransa, ni kama kubandika kiraka. Farasi walilala naye mlango mmoja: stallion dume, mare jike, gelding aliyehasiwa, foal mtoto, na mtoto akiwa dume ni colt, akiwa jike ni filly. Ukaribu ndo unazaa majina. Sisi farasi hatukumfuga huku kwetu ndo maana tunasema farasi dume farasi jike tumemaliza.

Mbweha jike wao ni vixen, hilo neno mi nalipenda sana. Zamani walikuwa na njia ya kutengeneza jike kwa kubadilisha sauti ya ndani na kuongeza mwisho, fox akawa fyxen, halafu watu wa kusini mwa Uingereza waliotamka f kama v ndo wakaleta hiyo v. Njia yenyewe ilikufa, kabaki vixen peke yake.

Mama Kuku wa Buswelu

Jamani na mimi niingie. Kaka mtoa uzi umenigusa kwenye kuku. Nafuga chotara na wa kienyeji, kila siku nauziana na watu wa mahoteli na akina mama wa sokoni, na hakuna mteja anayeniambia nipe kuku dume. Anasema nipe majogoo matano au nipe matetea. Mtetea ni yule anayetafutatafuta pa kutagia, utamsikia anatetea kona zote za nyumba, ndo jina lilipotoka. Kabla hajaanza kutaga bibi yangu alikuwa anamwita tembe. Akishataga na kuangua ni koo. Kijogoo ambacho bado hakijawika vizuri ni pora. Mtoto kifaranga.

Mwaka juzi alikuja mtu na kitabu cha ufugaji cha Kiingereza tukawa tunasoma pamoja nikakuta pullet, cockerel, cock, hen, chick. Nikamwambia hee, kumbe hawa wanajua kuku! Pullet si ndo tembe, cockerel si ndo pora! Halafu akanionyesha capon, jogoo aliyehasiwa anenepe, hilo sasa kwetu sijawahi kuliona likifanyika.

Lakini nataka kusema kitu kinachonisikitisha. Wanangu wanajua cock na hen. Pora hawalijui. Tembe wanajua ni nyumba ya udongo ya kwenye historia. Nimewauliza wote watatu. Kwa hiyo kaka, sio Kiingereza tu tunachokariri bila kukifahamu, na cha kwetu tunakiacha kinaanguka.

Mtoa uzi

Dada Mama Kuku asante sana, hapo kwenye tembe umenipiga, na mimi nilikuwa nimelisahau.

Mwalimu nashukuru kwa hekima, hapo "angalieni nani aliishi na nani" nimemsomea binti.

Na hiyo imenikumbusha ile habari ya Wanormani. Mwaka 1066 waliivamia Uingereza wakitokea Ufaransa, wakawa mabwana, Waingereza wakabaki mashambani. Ndo maana mpaka leo mnyama akiwa hai ana jina la mchungaji, cow, sheep, pig, calf, na akifika mezani ana jina la Kifaransa, beef, mutton, pork, veal. Aliyefuga hakuwa aliyekula. Mimi hili nililisoma zamani nikalichukulia kama habari ya maneno tu, lakini kaa na mtu anayechunga ng'ombe wa tajiri huko vijijini kwetu, anawajua mmoja mmoja kwa rangi na kwa pembe na nyama anakula sikukuu, utaelewa vizuri sana kilichotokea kule.

Ila na sisi tuna maneno yaliyohama. Ndafu kwenye kamusi za zamani ni beberu aliyehasiwa akanona, Mwingereza anamwita wether, leo ukisema ndafu kila mtu anafikiria mbuzi mzima wa kuchoma kwenye harusi, amevishwa majani mdomoni. Na beberu mwenyewe! Binti aliniuliza kwa nini kwenye redio wanasema mabeberu wanataka madini yetu, mbuzi wanataka madini ya nini. Nikamweleza beberu anavyopanda asivyopaswa kupanda na kutawala kundi zima kwa pembe, akaelewa mwenyewe.

Afisa mifugo mstaafu

Vijana hongereni, uzi mzuri. Nimefanya kazi ya mifugo kanda hii ya ziwa tangu mkiwa wadogo, nimehasi ng'ombe kwa burdizo, ile koleo ya kuhasia, hata idadi sikumbuki.

Niwaongezee jina moja ambalo shuleni hamtalikuta na lina faida kwa mfugaji kuliko yote mliyoyataja. Ng'ombe akizaa mapacha, mmoja dume mmoja jike, yule jike Waingereza wanamwita freemartin. Sio cow mtarajiwa huyo, wala heifer wa kweli. Kwa sababu wakiwa tumboni damu zao huwa zinachanganyika, homoni za dume zinamharibu mwenzake viungo vya uzazi, na zaidi ya tisa katika kila kumi wanakuwa tasa. Dume yeye kwa kawaida anakuwa salama. Nimeona mzee mmoja analisha pacha jike miaka mitatu anangoja azae, kila siku anasema mwaka huu. Nilipomweleza alikaa chini. Sasa fikirini Mwingereza alipata jina la mnyama huyo zamani sana kabla ya mtu yeyote kujua homoni ni nini, aliona tu zizini kwake kwamba huyu hazai akamtenga kwa jina.

Kwa hiyo mwanangu mtoa uzi, binti yako alipoandika "hana" aliandika kama mfugaji. Mwambie babu yake mstaafu kampa tiki.

Na punda msimsahau, huku kwetu ndo anabeba maji na kuni. Dume ni jack, jike ni jenny. Ni majina ya watu hayo, kama mbuzi wao walivyomwita dume billy na jike nanny, na paka dume tom. Mnyama unayeamka naye unaishia kumpa jina la jirani. Paka jike kwa wanaofuga paka ni queen, yaani malkia. Na mkimpandisha jack kwa mare mnapata mule, baghala, ambaye naye hazai. Wengine wanamwita nyumbu, mradi usimchanganye na hawa nyumbu wetu wa Serengeti.

Mdau wa Kirumba

Swali la kweli wakuu. Mwanangu aliniuliza jike la mbwa ni nani kwa Kiingereza nikamwambia subiri. Kwenye kitabu kuna dog na bitch lakini kila nikilisikia hilo neno la pili ni kwenye muziki na ugomvi. Mnawaambiaje watoto?

Mwalimu wa Sengerema

Mkuu waambie ukweli. Ni neno safi kabisa kwa mtu anayefuga mbwa, kwenye karatasi za mbwa wa kizungu limeandikwa hivyo, na ni la kale. Limechafuliwa kwa kurushiwa wanawake. Mimi nafundisha nasema hili ni la mnyama, ukimwambia mtu ni tusi kubwa, na kama unataka usalama sema female dog. Hata cock lilipata shida hiyo hiyo, Wamarekani wengi wakahamia rooster kwa sababu ya aibu ya maana nyingine. Mtoto akielezwa hafanyi utani nalo, akifichwa ndo analitafuta.

Mfuga sato (vizimbani, upande wa Ilemela)

Nimesoma wote, mmezungumza ng'ombe kuku paka punda, tupo Mwanza na hakuna aliyetaja samaki 😊

Sisi kwenye vizimba dume na jike ndo kila kitu. Sato dume anakua haraka kuliko jike, kwa sababu jike nguvu zake zinaishia kwenye mayai, halafu anayaatamia mdomoni, na vifaranga vikishaanguliwa bado vinarudi mdomoni vikiona hatari, muda wote huo hali vizuri. Ukichanganya wanazaliana unabaki na vidagaa kibao hakuna wa kuuza. Kwa hiyo tunapandikiza madume watupu. Ukitaka kumjua mkubwa mmoja mmoja unamgeuza tumbo, dume ana matundu mawili, jike matatu, inataka jicho.

Sasa Kiingereza kina jina gani la sato dume? Nimehudhuria mafunzo mawili, wataalamu wanasema male na female, basi. Kwa samaki wa kwao kama salmon wavuvi wa Uingereza wanasema cock na hen, wameazima kwa kuku. Sato hakupewa kitu. Mwalimu ile kanuni yako ya nani aliishi na nani naiona inafanya kazi hapa. Ila sasa na sisi tunaishi na sato tangu lini, mbona hatuna?

Mtoa uzi

Mfuga sato umeuliza swali ambalo limenikalisha. Nimempigia mjomba wangu Ukerewe ambaye kavua maisha yake yote, nikamuuliza sato dume mnamwitaje. Akasema sisi tunamvua, hatumfugi, akiwa ndani ya wavu hatuna haja ya kumuuliza mume au mke, tunauliza mkubwa au mdogo. Halafu akaniambia mwenye mayai tunamjua, tunasema ana mayai. Nadhani jibu ndo hilo. Mvuvi anahesabu ukubwa, mfugaji anahesabu uzazi. Nyie wa vizimbani ndo mmeanza kufuga, miaka michache tu hii, kwa hiyo jina la sato dume likija litatoka kwenu. Msiache wataalamu waseme male male tu, mpeni jina.

Mrejesho wakuu. Jana nimeenda shuleni, sikwenda kwa shari. Nilisubiri mwalimu atoke darasani nikamsalimia nikamwambia nimekuja kuhusu ng'ombe. Akanisikiliza. Ni kijana, kakulia mjini, aliniambia waziwazi hajawahi kumwona maksai akilima, alijua ox ni jina jingine la dume. Akaita daftari, kabadilisha mkasi ukawa tiki, kasaini pembeni. Halafu kaniuliza maswali mengi kuliko niliyoenda nayo mimi, heifer anaitwa hivyo mpaka lini, akizaa mara moja tu jina linabadilika au wanasubiri. Nikamwambia kwa kawaida akishazaa ni cow, ingawa wapo wanaoendelea kumwita heifer mpaka azae wa pili, nikamwambia na hata Usukumani ukimwita mtamba ng'ombe aliyezaa mwenye ng'ombe atakusahihisha mbele za watu.

Jumamosi anapeleka darasa kisiwani Saanane, kaniomba niende nao. Nimemwandalia kitu. Pale kuna swala pala, dume lina pembe jike halina, na Kiingereza chake kwa watu wa porini ni ram na ewe, kama kondoo. Pundamilia anafuata farasi, stallion na mare. Ukitaja tembo, twiga, nyati, kiboko, wote wanaazima kwa ng'ombe, bull na cow na calf. Watoto wakishaona kwamba Mwingereza alipofika porini alienda na maneno ya zizini kwake akawa anayagawa, mkubwa huyu mpe jina la ng'ombe, mwembamba huyu mpe la kondoo, hawatahitaji kukariri orodha. Wataangalia mnyama.

Mama Kuku wa Buswelu

Kaka mkitoka Saanane pitisheni watoto kwangu. Nina pora wawili wameanza kujifunza kuwika wiki hii, sauti inakatika katikati, na tembe mmoja leo asubuhi kaanza kutetea. Waje kabla ya Jumatatu, maana akitaga tu jina limeshabadilika.

Mtoa uzi

Tunakuja dada. Nimemwambia binti, kasema anakuja na daftari.